Insha ya fasihi kwa Kiingereza: pale Kiswahili kinapokuponza

Makosa mengi ya Kiingereza katika insha za wanafunzi wa Afrika Mashariki si ya uzembe. Ni Kiswahili safi kilichovalishwa maneno ya Kiingereza. Aliyeandika "the book which I read it" hakubabaika: kwetu tunasema kitabu nilichokisoma, na ile -ki- ya pili ina haki yake pale. Kiingereza ndicho kisichoitaka. Kwa hiyo kukariri misamiati mizito hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kujua mahali lugha hizi mbili zinapoachana njia, kisha kuipekua insha yako mahali hapo hapo.

Kabla ya sarufi, hata hivyo, kuna swali lenyewe. Insha yenye Kiingereza kizuri inayojibu jambo ambalo halikuulizwa haipati kitu.

Swali kwanza

Katika karatasi ya tatu ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, swali la riwaya au tamthilia mara nyingi huja na kauli iliyokaa kama methali, kisha unatakiwa kuonyesha ukweli wake kwa mifano kutoka kitabuni. Chukua kauli ya mazoezi: "Waiting is also work." Mwanafunzi mwenye haraka huona neno "work" na kuanza kuorodhesha wahusika wachapakazi. Mwenye utulivu huona kwamba uzito umekaa kwenye "waiting", na kwamba "also" inamtaka athibitishe jambo lisilotarajiwa, yaani kungoja kunachosha na kunagharimu kama kazi nyingine.

Pigia mstari vitu vitatu: kitenzi cha amri, jambo linalozungumziwa, na mpaka. Kitenzi cha amri ndicho kinachoamua umbo la jibu. "Illustrate" na "show" zinataka mifano inayounga mkono; hapo huna ruhusa ya kupinga kauli. "Discuss" inakupa nafasi ya pande mbili. "To what extent" inakutaka useme kiasi: kabisa, kwa sehemu, au kidogo, na kwa nini. "Compare" inataka kufanana na kutofautiana ndani ya aya moja, si kusimulia kitabu cha kwanza mpaka mwisho ndipo uhamie cha pili. Mpaka ni maneno kama "in the first half of the play" au "with reference to two works". Kwenye mitihani ya Tanzania swali la fasihi aghalabu hutaka kazi mbili na idadi maalumu ya hoja kutoka kila moja. Ukitoa hoja tano za kitabu kimoja na moja ya kingine, zile za ziada umezitoa bure.

Baada ya hapo andika sentensi moja ya msimamo wako kwenye ukurasa wa rasimu. Iwe sentensi ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuikataa. "There are many characters who wait" si msimamo, kwa kuwa hakuna atakayebishana nawe. "The women in the story pay for their waiting with health, money and sleep" ni msimamo, na tayari umekupa aya tatu.

Aya moja, kwa karibu

Hiki ni kipande kilichotungwa kwa ajili ya zoezi hili tu:

"Rehema swept the yard twice before the bus was due. The second time there was nothing left to sweep, only the lines of the broom crossing the lines of the broom."

Na hii ni aya ya mwanafunzi, ya aina inayokutwa kwenye kila rundo la madaftari:

"Rehema is a hardworking woman. She swept the yard two times because the bus was coming. This shows that she is hardworking."

Sarufi haina neno. Tatizo ni kwamba aya imezunguka na kurudi ilikoanzia: dai, muhtasari wa kisa, dai lilelile. Isitoshe, dai lenyewe halisimami. Mchapakazi anafagia uchafu. Huyu anafagia uwanja ambao hauna uchafu. Mwandishi ametuambia wazi kwamba hapakuwa na kitu cha kufagia, na mwanafunzi ameliruka neno hilo kwa kuwa halikuingia kwenye sifa aliyokwisha kuichagua.

Ukikaa na kipande chochote, kiulize mambo matatu. Kipi kimerudiwa? Hapa ni mistari ya ufagio, na pia kufagia kwenyewe. Kipi kimegongana na kingine? Kazi inafanyika lakini haina la kufanya. Kipi kimenyamaziwa? Hatuambiwi nani yumo ndani ya basi, wala hatuambiwi Rehema anajisikiaje. Majibu matatu hayo ndiyo malighafi ya aya yako:

"Rehema's sweeping reveals anxiety rather than diligence. She sweeps 'twice' although, the second time, there is 'nothing left to sweep', so the work no longer cleans anything. It only fills the time. The repeated 'lines of the broom' turn the yard into a record of her waiting, and the reader senses how much this arrival matters before anyone has stepped off the bus."

Hesabu sehemu zake. Sentensi ya kwanza ni dai, na halina jina la kitabu wala muhtasari. Ya pili inaleta ushahidi, lakini nukuu ni vipande vifupi vilivyoshonwa ndani ya sentensi ya mwanafunzi mwenyewe. Havikubwagwa peke yake kama mzigo sokoni. Baada ya nukuu kuna "so", na hapo ndipo ufafanuzi unapoanza. Sentensi ya nne inataja mbinu, takriri, bila kuishia kwenye kuitaja: inasema takriri imefanya nini kwa msomaji. Mwanafunzi anayeandika "the author has used repetition" na kuhamia aya nyingine ameonyesha kwamba ana macho, bado hajaonyesha kwamba anasoma.

Kipimo chepesi cha aya yako: kila mstari wa nukuu uwe na walau mistari miwili ya maneno yako kuihusu. Ukikuta kinyume chake, umenakili kitabu.

Mambo mawili ya istilahi hapa. Anayesimulia hadithi ni "the narrator" na anayesema katika shairi ni "the persona" au "the speaker". Mwandishi ni mtu mwingine. Ukiandika "the author hates his father" kwa sababu msimulizi wa nafsi ya kwanza amesema hivyo, umemsingizia mtu. Na "irony" si kila bahati mbaya. Mvua kunyesha siku ya harusi ni mkosi tu. Kinaya ni pale kinachotokea kinapokwenda kinyume na kile ambacho maneno au mwendo wa hadithi ulitufanya tukitarajie, kama mlinzi kuibiwa akiwa lindoni.

Neno "shows" nalo limechoshwa. Tumia "suggests" pale unapokisia kutokana na dalili, "reveals" pale jambo lililofichwa linapofunuka, "emphasises" pale jambo linalojulikana linapotiliwa mkazo, "exposes" pale aibu au uovu unapowekwa hadharani. Hayabadilishani ovyo.

Kiswahili kilichojificha ndani ya sentensi

Sasa sarufi. Makosa haya hayana uzito sawa, na tutakaa zaidi kwenye yale yanayomharibia mtu insha ya fasihi.

La kwanza ni "his" na "her". Kwa Kiswahili kimilikishi hufuata kitu kinachomilikiwa: kitabu chake, nyumba yake, mkoba wake. Mwenye mali hatajwi kama ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza kinafanya kinyume: kinamwangalia mwenye mali tu. Mwanafunzi anayeandika "Rehema is waiting for his brother" amemtazama kaka, akaona ni mwanamume, akaweka "his". Kwa Kiswahili angekuwa amefanya sawasawa kufuata kinachomilikiwa. Kwa Kiingereza aangalie Rehema: "her brother". Kosa hili linauma kwenye fasihi kuliko kwenye barua, kwa kuwa msahihishaji anadhani umewachanganya wahusika. Dawa yake ni ya mikono: ukimaliza insha, zungushia duara kila "he", "she", "his", "her" na "him", kisha chora mshale hadi kwenye jina. Duara lisilokuwa na jina la kufikia, au lenye majina mawili yanayogombea, badilisha liwe jina kamili.

La pili ni wakati wa kitenzi. Unapozungumzia matukio ya ndani ya kitabu, Kiingereza cha uchambuzi hutumia wakati uliopo: "Rehema sweeps", si "Rehema swept", hata kama mwandishi mwenyewe ametumia wakati uliopita. Hadithi inahesabiwa kuwa inatokea kila inaposomwa. Ndani ya nukuu usibadilishe kitu. Nje ya nukuu, wakati uliopo. Mambo ya maisha halisi ya mwandishi, kama mwaka aliozaliwa au kuchapisha, yabaki wakati uliopita. Mwanafunzi anayeanza na "sweeps", akateleza hadi "swept" katikati, akarudi "sweeps" mwishoni, ndiye wa kawaida, na chanzo ni kusimulia: kila akianza kusimulia kisa, anarudi kwenye -li-. Ukiona vitenzi vyako vimegeuka kuwa vya wakati uliopita kwa mistari mitatu mfululizo, huenda umeacha kuchambua.

Halafu kuna -me-, ambayo ni mtego wa pekee. Tunasema amevaa, amekaa, amesimama, amelala, amechoka, tukimaanisha hali aliyomo sasa hivi. Ukihamisha neno kwa neno unapata "She has worn a black dress" na "He has sat under a tree". Kiingereza kinataka "She is wearing", "He is sitting", "He is asleep", "She is tired". Na pale -me- inapokuwa kweli ni tendo lililokamilika, haikai na saa iliyokwisha: huandiki "I have read it yesterday". Kukiwa na "yesterday", "last year" au "in 1963", kitenzi ni cha wakati uliopita mtupu.

La tatu ni koma. -ka- yetu ya masimulizi inaunga matendo bila kiunganishi: akaamka, akafagia, akaketi. Kila kitenzi kimebeba mtendaji wake na koma inatosha. Kwa Kiingereza "Rehema wakes up, she sweeps the yard, she sits down" ni sentensi tatu zilizogandishwa kwa koma, na msahihishaji anaihesabu kosa. Una njia tatu: weka nukta, weka nukta mkato kama sentensi mbili zinategemeana kimaana, au ondoa mtendaji aliyerudiwa na uunge kwa "and": "Rehema wakes up, sweeps the yard and sits down." Ya tatu ndiyo inayosikika vizuri kwenye mfululizo wa matendo. "Therefore" na "however" si viunganishi vya kushika sentensi mbili kwa koma. Kabla yake panatakiwa nukta au nukta mkato.

Ingawa na lakini. Kwetu "ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikwenda" husikika kila siku na hakuna anayeshtuka. Kwa Kiingereza "although" na "but" hazikai ndani ya sentensi moja kwa kazi hiyo. Chagua moja.

Mtendwa anayerudiwa tumeshamtaja: "the man whom I met him", "the letter that she burns it". Ndugu yake ni mtendaji anayerudiwa, "My mother she says", anayetokana na kile kiambishi tunachokiweka kwenye kitenzi hata baada ya kutaja jina. Futa "him", "it", "she". Sentensi haipungukiwi.

Kuhusu "a", "an" na "the", vitabu vya sarufi vina kurasa nyingi, na sisi hatuna kitu cha kufananisha nazo. Kwa insha ya fasihi maswali mawili hukufikisha mbali. Je, nomino ni ya kuhesabika na iko katika umoja? Basi haiwezi kukaa uchi. Lazima mbele yake pawe na kitu, iwe "a", "the", "this", "her" au "every". "Rehema holds broom" haiwezekani. Swali la pili: je, msomaji anajua ni kipi hasa? Kama anajua, "the". Kama ndiyo kwanza kinatajwa, "a". Nomino ya wingi au isiyohesabika inayosemwa kwa jumla haitaki kitu. Hapo ndipo "society" inapoponyoka. "The society expects women to wait" ni kosa maarufu katika ukanda wetu. Jamii kwa ujumla ni "society" bila "the". Ukimaanisha jamii mahususi, iseme: "the society in which Rehema lives". Chaguo la "a" au "an" hufuata sauti, si herufi: "an hour", "a university", "an honest man", "a European".

Sifa za wahusika zina kero yake ndogo. Mchapakazi, mnafiki, mwoga, mbinafsi: kwetu yote ni majina ya watu. Kwa Kiingereza baadhi ni nomino na baadhi ni vivumishi. "He is a hypocrite" na "he is hypocritical", "he is a coward" na "he is cowardly", lakini "she is hardworking", "he is selfish", bila "a". Maneno kama "she is a hardworking" yanaacha mkono ukining'inia: ama ongeza "woman", ama futa "a". Unapokusanya sifa za wahusika kwenye daftari, andika kila moja ndani ya sentensi kamili ili uikumbuke na vazi lake.

Mengine kwa haraka. Herufi "s" kwa kawaida ni moja tu kati ya nomino na kitenzi katika wakati uliopo: "the boy runs", "the boys run", na baada ya "does" na "did" kitenzi hubaki kitupu. Maneno "advice", "information", "furniture" na "luggage" hayachukui "s" kamwe. "Discuss", "emphasise", "mention" na "describe" hayataki kihusishi: tunajadili kuhusu jambo, Kiingereza hu-"discuss" jambo lenyewe. "Kuna watu" ni "there are people". Na "it's" ni kifupi cha "it is". Kimilikishi ni "its", bila ritifaa. Katika insha rasmi usifupishe kabisa, na utata huo utaisha wenyewe.

Maneno 450 na dakika 50

Karatasi hiyo ya KCSE ina insha tatu za alama 20 kila moja kwa saa mbili na nusu, na kila insha isizidi maneno 450. Ni dakika 50 kwa insha. Mgawanyo unaofanya kazi: dakika 7 za kusoma swali na kupanga, dakika 35 za kuandika, dakika 8 za kupekua. Wanaoanza kuandika dakika ya kwanza hugundua hoja yao nzuri kuliko zote wakiwa aya ya mwisho.

Shule nyingi husahihisha insha ya fasihi kwa alama 2 za utangulizi, 12 za hoja nne, 2 za hitimisho na 4 za lugha. Hesabu ya maneno inafuata hapo: utangulizi 50 hadi 55, aya nne za maneno 85 hivi, hitimisho 40 hadi 45. Wanaozidisha huwa wamezidishia utangulizi, mahali penye alama 2.

Utangulizi mzuri una sentensi mbili au tatu: hali iliyomo kitabuni, kisha msimamo wako kwa maneno yanayogusa swali. Wasifu wa mwandishi hauhusiki. "In this essay I am going to discuss" ni maneno manane yasiyobeba kitu. Kunakili swali lote kama lilivyo nako ni kujaza nafasi.

Mpango wa dakika 7 uwe mistari minne tu, kila mmoja na hoja, tukio na kipande cha nukuu cha maneno matatu hadi sita unachokikumbuka kwa uhakika. Kama nukuu huikumbuki barabara, eleza tukio kwa maneno yako na uache alama za nukuu. Nukuu ya kubuni hujulikana, kwani anayesahihisha amekisoma kitabu mara nyingi kuliko wewe. Hoja yako yenye nguvu zaidi iweke ya kwanza au ya mwisho. Zile dhaifu zijifiche katikati.

Kujua idadi ya maneno bila kuhesabu yote: hesabu maneno ya mistari mitano ya mwandiko wako, gawanya kwa tano, zidisha kwa idadi ya mistari. Fanya hivyo nyumbani mara moja, ujue insha ya maneno 450 inafika wapi kwenye ukurasa wako. Mwandiko haubadiliki sana.

Ukurasa wenyewe

Kwa kalamu, kanuni ni chache. Jina la riwaya, tamthilia au mkusanyo lipigiwe mstari chini. Jina la shairi moja au hadithi fupi moja liwekwe ndani ya alama za nukuu. Chagua namna moja ya kuonyesha aya, ama kuruka mstari ama kuingiza mstari wa kwanza ndani, na usiichanganye. Kosa likate kwa mstari mmoja. Kuchovya wino mpaka karatasi itoboke hakufichi kitu.

Kwa wanaosoma Marekani, zikiwemo familia nyingi za Wakongo waliohamia huko na Kiswahili chao, walimu wa Kiingereza wa sekondari kwa kawaida hutaka mtindo wa MLA, yaani kanuni za kupanga ukurasa na kutaja vyanzo za Modern Language Association. Insha hupigwa chapa kwenye karatasi ya inchi 8.5 kwa 11, si A4, hivyo badilisha kwanza ukubwa wa karatasi kwenye programu. Pambizo ni inchi 1 kila upande. Tumia herufi zinazosomeka, kama Times New Roman za ukubwa wa 12. Nafasi kati ya mistari ni mara mbili kote, kuanzia jina lako hadi mwisho, na nafasi ya ziada baada ya aya iwe 0. Hapo ndipo wengi wanapokwama: programu huongeza nafasi hiyo yenyewe, na mwanafunzi anadhani ameandika kurasa nne kumbe ni tatu na hewa.

Juu kushoto kwenye ukurasa wa kwanza panakuwa na mistari minne: jina lako, jina la mwalimu, somo, na tarehe kwa mpangilio wa siku, mwezi, mwaka. Kichwa cha insha kinafuata katikati, bila kukolezwa na bila mstari chini. Kona ya juu kulia ya kila ukurasa weka jina la ukoo na namba ya ukurasa, nusu inchi kutoka juu. Iweke kupitia sehemu ya namba za kurasa, usiiandike kwa mkono, la sivyo itahama kila ukiongeza sentensi. Kama majina yako matatu ni lako, la baba na la babu, tumia lile lililosajiliwa shuleni kama jina la ukoo, uepuke karatasi kupotea. Mstari wa kwanza wa kila aya uingie nusu inchi kwa kitufe cha Tab.

Nukuu fupi hufuatwa na mabano yenye jina la ukoo la mwandishi na namba ya ukurasa, bila koma katikati, na nukta huja baada ya mabano. Kama sentensi imeshamtaja mwandishi, namba peke yake inatosha. Nukuu ya nathari inayozidi mistari minne hutengwa: inaanza mstari mpya, inaingizwa nusu inchi, inaondolewa alama za nukuu, na safari hii nukta huja kabla ya mabano. Kwa shairi, mistari miwili au mitatu huandikwa mfululizo ikitenganishwa na mkwaju (/) wenye nafasi pande zote mbili. Ikizidi mitatu, itenge kama ilivyo shairini.

Dakika nane za mwisho

Usiisome insha yote ukitafuta "makosa". Jicho husoma ulichokusudia kuandika. Ipitie mara nne, kila mara ukitafuta kitu kimoja. Kwanza viwakilishi, kwa duara na mishale. Kisha vitenzi: uliopo nje ya nukuu, na "s" ya nafsi ya tatu. Tatu koma: kila koma yenye mtendaji na kitenzi pande zote mbili, bila kiunganishi, ni mshukiwa. Mwisho soma sentensi ya kwanza ya kila aya peke yake, moja baada ya nyingine, ukizilinganisha na swali. Aya ambayo sentensi yake ya kwanza inaanza na "One day" au "After that" imekuwa simulizi. Andika dai jipya juu yake kwa herufi ndogo, na alama ya kuonyesha linapoingia.

Kama muda umekwisha na hoja ya nne haijaandikwa, iandike kwa sentensi mbili, dai na ushahidi, kabla hujagusa hitimisho. Kwa mgawanyo ule wa alama, aya nzima ya nne ina thamani ya 3 na hitimisho 2, na sentensi mbili zenye ushahidi zinaweza kuokota sehemu ya zile tatu.